Nilichagua Rangi

Huku Mwaya mpunga umekwisha kuingia ghalani, na wenye kakao wanaomba jua lisikimbie kabla haijakauka.

Mwezi uliopita tulikuwa tukimenya ndizi kwa ajili ya harusi ya jirani, na mazungumzo yakaangukia habari za maduka ya baiskeli. Kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja aliuziwa tyubu ndani ya boksi jipya, kufika nyumbani akakuta ina kiraka. Mwingine aliulizwa na kijana wa dukani, "Mama, hela unayo au unatazama tu?" Mwingine alisimama kaunta mpaka mgongo ukamuuma, huku wanaume waliokuja nyuma yake wakihudumiwa mmoja baada ya mwingine. Tulicheka sana siku ile. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mimi peke yangu sikusimulia langu. Nilinyamaza kwa aibu. Leo nalisimulia hapa, maana nadhani tuko wengi tunaonyamaza.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Mwanza pengine atashangaa kwa nini baiskeli itusumbue kiasi hiki wakati bodaboda zimejaa kila mahali. Ni kweli, hata huku zimejaa. Lakini bodaboda hudai nauli kila safari, na baiskeli ikishalipiwa imelipiwa. Nchi yetu ya Kyela huku chini ni tambarare mpaka ziwani, haina vilima vya Tukuyu, na baiskeli hupita mahali gari halipiti, katikati ya majaruba na migomba. Mchele huenda mashine kwa baiskeli. Mkungu wa ndizi, dumu la mawese, ndoo ya usipa kutoka ufukweni, mtoto mwenye homa, vyote hupanda keria. Miaka nenda rudi vijana wa Kyela wamejipatia riziki kwa kubeba abiria juu ya baiskeli.

Tena lipo jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Katika mila ya sisi Wanyakyusa, mkamwana humwepuka baba mkwe wake. Hapiti mbele yake, hakai naye, wala hataji jina lake. Siku hizi mila hiyo imelegea katika nyumba nyingi, lakini kwetu bado ipo, na hata palipolegea sijaona mkamwana aliyepanda nyuma ya baiskeli ya baba mkwe akamshika kiuno. Sasa fikiri, mama. Mwanangu ni mvuvi, usiku yuko ziwani na mchana amelala. Mkewe alikuwa mjamzito. Siku ya kliniki nani ampeleke mjini? Baba watoto ana baiskeli yake, lakini hiyo ni kama haipo. Basi mwaka jana, baada ya mavuno, niliamua kununua yangu.

Fedha zilikuwa zangu. Nyingine zilitoka kwenye gunia za mchele nilizouza, nyingine kwenye mgao wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nilimwambia baba watoto, naye alifurahi, akasema atanisindikiza. Nami nilifurahi. Tulivaa vizuri, tukaenda Kyela mjini.

Dukani tulipokelewa vizuri mno. Yaani, yeye alipokelewa. "Karibu mzee, karibu kiti." Kiti kilikuwa kimoja. Mimi ndiye niliyesema, "Tunataka baiskeli ya kike, imara, ya kubebea mtu mzima na mzigo." Yule muuzaji alimgeukia baba watoto akamjibu yeye: "Mzee, hii inabeba hata gunia mbili." Nikauliza kama vipuri vyake vinapatikana. Akamjibu baba watoto kwamba vipo tele. Nikauliza breki zikoje wakati wa mvua. Safari hii hakujibu mtu yeyote, alicheka tu, akasema, "Mama yeye achague rangi."

Akina mama, nilichagua rangi. Nilichagua nyekundu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema neno. Baba watoto si mtu mkali, wala hakunikataza kusema. Lakini palikuwa na watu, na muuzaji alikuwa mchangamfu, na mume wangu alionekana kufurahia kuitwa mzee na kushauriwa kama mjuzi. Sikutaka kumwaibisha. Nani kati yetu hajawahi kununua kitu kibaya ili asiharibu furaha ya mwingine? Kijana mmoja aliiunga baiskeli mbele yetu kwa muda mfupi kuliko wa kupika ugali, tukalipa, tukapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa bei kwa kalamu. Ukutani palikuwa na maandishi: Mali ikishauzwa hairudishwi. Niliyasoma, nikaona ni maandishi ya kawaida tu.

Siku ya tisa nilimpakia mkamwana kwenda kliniki. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Msinicheke, mimi bado nina nguvu, na barabara ni tambarare. Tangu siku mbili nyuma nilikuwa nikisikia mlio, tak, tak, kila mguu wa kushoto ulipokuwa ukishuka. Nikadhani ni upya wa baiskeli, kama viatu vipya. Tulipofika mahali penye mfereji wa majaruba, mkono wa pedali ya kushoto ulizunguka peke yake, mguu wangu ukapiga hewa, tukaenda upande. Mkamwana aliruka akasimama. Mimi niliingia mferejini mpaka magotini pamoja na baiskeli.

Hakuumia, wala mtoto hakuumia. Lakini nilipomwona amesimama pale barabarani, mikono yote miwili imeshika tumbo, hasemi neno, nilihisi baridi ambayo sikuwahi kuihisi. Tuliikokota baiskeli mpaka mjini kwa miguu, yeye akitembea polepole juani. Kliniki wakampima, wakasema yuko salama. Ndipo nikaenda dukani.

Sasa nilikuwa peke yangu, sketi imejaa matope. Hapakuwa na karibu mzee. Yule muuzaji aliitazama baiskeli pale nje bila kuinama. "Mmepakia mizigo." Nikasema nimepakia mtu mmoja, kama nilivyokueleza siku ile. "Umeiendesha vibaya, mama. Hizi baiskeli haziharibiki." Kisha akaonyesha kidole ukutani, kwenye yale maandishi. Watu waliokuwemo walitazama chini. Nikaondoka.

Jioni nilimweleza baba watoto. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa na hasira, na maneno yakatoka vibaya pande zote mbili. Akasema, "Si wewe uliyeichagua?" Nikamjibu, "Mimi nilichagua rangi." Tukalala bila kuongea. Hilo ndilo ninalotaka mlione. Muuzaji alifunga duka lake saa kumi na mbili akaenda kwake, lakini dharau yake ililala nyumbani kwangu, katikati ya kitanda.

Kesho yake niliikokota baiskeli kwa fundi wetu aliye chini ya mwembe. Ni mzee wa maneno machache. Aligonga kipande kidogo cha chuma, akakitoa, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa pini yenye unene wa kidole cha mtoto, upande mmoja imechongwa bapa, na kwenye ncha yake ina nati. Pini hiyo ndiyo inayoushikilia mkono wa pedali kwenye ekseli. Yangu ilikuwa imesagika kama kipande cha muwa kilichotafunwa. Fundi akasema, "Haikukazwa. Hii hugongwa kwa nyundo ikaingia, nati ikakazwa, halafu baada ya siku chache za kuendesha hukazwa tena, maana huwa inajikalia. Ukisikia mlio, simama. Ukiendelea, inakula tundu la mkono, hapo utanunua na mkono."

Tundu langu lilikuwa limekwisha kuliwa. Nilinunua pini na mkono mpya wa pedali.

Akanieleza kwamba baiskeli hizi hutoka kiwandani vipande vipande ndani ya maboksi, ziwe Phoenix za China au Hero na Avon za India. Anayeiunga dukani ndiye anayeimalizia kazi ya kiwanda. Kwa hiyo unaponunua baiskeli mpya unanunua vitu viwili, chuma cha kiwandani na mkono wa fundi wa dukani, na huo mkono wa fundi ndio wateja wengi hawaukagui. Nilimwuliza kwa nini hakuna anayetuambia. Akasema, "Nani aliuliza?" Nikasema mimi niliuliza. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi hukuuliza kwa mikono."

Neno hilo lilinikaa. Mnajua vile vyungu vya Wakisi vinavyotoka Ikombe kwa mitumbwi na kuuzwa Lyulilo, pale karibu na Matema. Hakuna mama anayenunua chungu kabla ya kukiinua na kukigonga kwa kiungo cha kidole asikie mlio wake. Kikilia vibaya anakirudisha chini, na mwenye kukiuza hakasiriki. Chungu ni cha bei ndogo, tunakigonga. Baiskeli ya gunia kadhaa za mchele tunachagua rangi!

Basi alinifundisha, nami nawapa kama alivyonipa, hata kama hamna mpango wa kununua leo.

Anza na pedali. Shika mkono wa kushoto na wa kulia kwa pamoja, vuta na sukuma. Visicheze hata kidogo. Kisha inua gurudumu la mbele ulizungushe, utazame nafasi iliyo kati ya ringi na mpira wa breki. Ringi ikiyumba huku na huku, spoki hazikuvutwa sawasawa. Zibane spoki mbili mbili kwa vidole, zote ziwe na ukaza unaofanana. Baiskeli nyingi za namna hii zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, maana mzigo hukaa nyuma. Halafu shika gurudumu juu ulitikise kwa ubavu. Likicheza, gololi za ndani hazikubanwa, au nyingine hazimo. Gurudumu la nyuma huwa na gololi 9 kila upande, na mwenye haraka au mwenye tamaa anaweza kutia pungufu, na wewe usijue mpaka siku ekseli itakapokwama.

Kwa usukani, simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kati ya magoti yako, jaribu kuuzungusha usukani. Ukizunguka wakati gurudumu limetulia, siku moja utakata kona na baiskeli itakwenda moja kwa moja. Breki zibane ukaisukume baiskeli mbele. Na kuhusu lile swali langu la mvua lililochekwa, fundi hakulicheka. Breki za vyuma zinazobana ringi ya chuma hushika vibaya zikilowa. Kwetu ambako mvua ya masika hainyeshi bali inamwagwa, ni lazima uanze kupunguza mwendo mapema, na mpira wa breki ukiisha usingoje.

Mwisho panda. Kiti kiwekwe ili kisigino chako kifike kwenye pedali iliyo chini kabisa. Dukani kiti changu kiliwekwa juu kwa kipimo cha mwanamume, nami niliendesha siku nane nikining'inia kama nguo kwenye kamba.

Nikamwuliza pia kuhusu zile baiskeli za mtumba za kutoka Japani zenye kikapu mbele, ambazo akina mama wengi wanazipenda kwa sababu ni rahisi kupanda ukiwa umevaa kitenge. Alizisifu. Lakini akasema tazama kwanza namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Nyingi ni za inchi 26 au 27, na tairi ya 27 haiingii kwenye ringi ya 28 ya Phoenix wala ya 28 haiingii kwake. Kabla hujalipa, nenda maduka mawili ya vipuri uulize kama tairi ya namba hiyo ipo. Ukishindwa kuipata siku unayonunua, hutaipata siku itakapopasuka.

Niseme kidogo na habari za zamani, maana nilimsikia mama mmoja akisema wauzaji wa zamani walikuwa na adabu kuliko wa leo. Sina hakika. Marehemu baba yangu alikuwa na Raleigh ya Uingereza, iliyotengenezwa Nottingham, na alisimulia kwamba aliyemuuzia alimwambia airudishe baada ya mwezi mmoja ikazwe upya bila malipo. Hilo nalisifu. Lakini nakumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1980, wakati hata tairi ya baiskeli ilitafutwa kwa kibali na foleni. Baiskeli za Swala zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam, lakini kupata moja ilikuwa bahati. Wakati ule mnunuzi ndiye aliyembembeleza muuzaji. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na taratibu maduka yakajaa. Rafu zilijaa, ila nadhani desturi ya muuzaji kuwa mfalme ilibaki nyuma ya kaunta, na sisi tulibaki na desturi ya kubembeleza.

Na wako wanaosema bado kwamba baiskeli si kitu cha mwanamke mwenye heshima. Hao nawaambia habari za Frances Willard wa Marekani, kiongozi wa umoja wa wanawake Wakristo waliopiga vita ulevi. Alijifunza kuendesha baiskeli akiwa na umri wa miaka 53, akaipa jina Gladys, na mwaka 1895 akaandika kitabu kizima juu ya kujifunza kwake. Mimi yangu sijaipa jina. Wajukuu wanaiita Nyekundu.

Turudi dukani. Yale maandishi ya ukutani yalinisumbua, nikamwuliza binti mmoja wa ukoo wetu aliyesomea sheria. Aliniambia mambo ambayo ningependa kila mama ayajue. Tanzania tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, nayo husema kwamba anayefanya biashara ya bidhaa fulani, bidhaa yake iwe katika hali inayostahili kuuzwa. Na ukimweleza muuzaji kazi utakayoifanyia bidhaa hiyo, ukategemea ujuzi wake, basi ifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sema kwa sauti, na mbele ya mtu uliyekuja naye: "Nataka ya kubebea mtu mzima." Si porojo, ni maneno yenye uzito. Ipo tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumdanganya mnunuzi juu ya ubora wa kitu. Maandishi ya ukutani humzuia mtu aliyebadili mawazo tu baada ya kununua. Hayamfanyi muuzaji kuwa msafi kwa kasoro aliyoiuza mwenyewe.

Lakini binti akaniuliza, "Risiti iko wapi, mama?" Nikamwonyesha kile kipande cha karatasi. Hakikuwa na jina la duka, wala tarehe, wala namba ya baiskeli. Akatikisa kichwa. Akaniambia pia kwamba kasoro ambayo ungeiona kwa kukagua, nawe ukakagua bila kuitazama, sheria haikuhurumii sana. Hapo nikamkumbuka fundi na maneno yake ya kuuliza kwa mikono. Basi, dai risiti ya mashine ikiwa duka linayo, na kama halina, iandikwe jina la duka, tarehe, aina ya baiskeli, na ile namba iliyochongwa kwenye fremu. Ukiwa na hiyo unaweza kurudi, na wakikukatalia unaweza kumwona afisa biashara wa halmashauri. Mimi sikuwa na cha kumpelekea.

Baada ya miezi miwili nilihitaji tairi ya nyuma. Nilikwenda na jirani yangu duka jingine, dogo, halina hata kaunta ya kioo. Kijana aliyekuwepo alituamkia, "Shikamooni mama zangu," akatupa kigoda, akauliza, "Anayeiendesha ni nani kati yenu?" Nikasema mimi. Akauliza napitia njia gani na nabeba nini. Akaleta tairi mbili, akanieleza tofauti yake, akasema ile ya bei kubwa si lazima kwangu. Alipoifunga, alinipa spana mkononi akasema, "Kaza mwenyewe mama, nikuone." Nilikaza. Alinirekebisha mara moja, kwa adabu. Hakupunguza bei hata shilingi moja, nami sikuomba. Tangu siku ile kikundi chetu kizima kinakwenda kwake, na mwaka huu tumenunua baiskeli tatu pale, kila moja imezungushwa na kutikiswa mpaka watu wanaopita wanasimama kutazama.

Ningeweza kuishia hapo nikiwa mtu mwema. Lakini lipo jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mimi nauza mchele. Wengi wenu mnajua jinsi mchele wa Kyela ulivyo na sifa nchi nzima, na jinsi wengine wanavyochanganya na mchele wa kwingine wakauita wa Kyela. Mimi sijawahi kuchanganya. Lakini miaka michache iliyopita mama mmoja mgeni alinunua kwangu kilo tano, akarudi kesho yake akasema una mawe. Palikuwa na wateja. Nilimjibu, "Mama, si ulinunua kwa macho yako?" Watu wakacheka, naye akaondoka. Kwa kweli gunia lile lilikuwa na mawe, nami nilijua, maana lilianikwa uwanjani bila turubai nikiwa na haraka.

Nilimkumbuka mama yule nikiwa nimesimama na matope yangu mbele ya yale maandishi ukutani. Sijui anakaa wapi sasa. Nimeweka ungo pale ninapouzia, na anayenunua namwambia apepete kwanza. Kuna siku jambo hilo linanichelewesha, na kuna wateja wanaopepeta hata nusu kilo mpaka roho inanipanda. Nakaa kimya nawaangalia.

Mkamwana alijifungua salama mwezi wa tisa, mtoto wa kike. Ndaga fijo kwa wote waliotuletea kuku na ndizi. Yeye mwenyewe sasa anaendesha Nyekundu kwenda kliniki, mtoto mgongoni, na kila anaporudi huitikisa mikono ya pedali kabla ya kuiegemeza ukutani.

Na baba watoto? Mwezi uliopita tulikwenda pamoja mjini kutafuta cheni. Tuliingia duka ambalo hatukuwahi kuingia. Muuzaji alimchangamkia, "Karibu mzee, tukusaidie nini?" Baba watoto alikuwa akitazama kengele zilizotundikwa ukutani. Hakugeuka. Akasema, "Mwulize mwenye baiskeli," akaendelea kujaribu kengele, moja baada ya nyingine, mpaka nilipomaliza kununua.

Mwezi ujao nitajibu barua ya mama aliyeuliza kuhusu kununua cherehani ya mtumba. Kama nawe umewahi kuuziwa cherehani, jiko au redio, ukatendewa vizuri au vibaya, niandikie. Usitaje jina la duka. Nieleze tu ulisema nini, na ulinyamaza wapi.